Ernest Hemingway: Mwandishi wa Kilimanjaro na tiba ya umeme isiyomwokoa

Katika makala yetu ya leo kuhusu maisha ya watu mashuhuri tunamwangalia mtu ambaye wageni wengi wanaokwea Mlima Kilimanjaro walilijua jina lake kabla hawajalijua jina la mji wa Moshi. Huyo ni hayati Ernest Hemingway, mwandishi wa Kimarekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1954. Mengi yamekwishaandikwa kuhusu uwindaji wake, wake zake wanne na pombe yake. Sisi tutayapita hayo kwa haraka, kisha tukae kwenye miezi saba ya mwisho ya uhai wake, tangu mwisho wa Novemba 1960 hadi mwanzo wa Julai 1961, alipolazwa hospitali mara mbili kwa ugonjwa wa sonona, yaani ile huzuni kubwa inayomwangusha mtu mzima kitandani, na kutibiwa kwa umeme.

Tumemchagua yeye kwa sababu maalumu. Hapa Euless, katikati ya Dallas na Fort Worth, na pia kwa ndugu zetu wa Houston, wapo watu wa Afrika Mashariki wenye wazazi waliozeekea ugenini. Daktari anapoiambia familia kwamba mzee wao anahitaji tiba ya umeme, nyumba nzima hutetemeka. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala ni majina ya kutaniana, na umeme kichwani ni hadithi ya kutisha watoto. Mtu akiingia kwenye intaneti kutafuta habari zaidi, hachelewi kukutana na Hemingway, akitajwa kama ushahidi kwamba tiba hiyo humwangamiza mtu. Tumeyasoma maisha yake kwa jicho la swali moja tu, ambalo ndilo swali la familia: je, ingewezekana kujua mapema kama huyu mgonjwa angefaidika?

Ernest Miller Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari, na mama yake, Grace, mwanamuziki. Mwaka 1917 alianza kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la Kansas City Star, na mwaka uliofuata akaenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 8 Julai 1918 alijeruhiwa vibaya kwa kombora, kabla hajatimiza hata miaka 19. Baada ya vita alihamia Paris, na riwaya zake za mwaka 1926 na 1929 zikamfanya ajulikane kote Ulaya na Marekani kwa ile sentensi yake fupi, isiyo na mapambo, ambayo waandishi wengi wameiiga tangu hapo.

Desemba 1928 baba yake, akiwa na kisukari, maumivu ya moyo na wasiwasi wa fedha, alijiua. Jambo hili lisipitwe. Baadaye dada mmoja wa Ernest, Ursula, alikufa kwa kujiua mwaka 1966, na mdogo wake wa kiume, Leicester, mwaka 1982. Ugonjwa huu uliikaa familia ile kama presha au kisukari kinavyozikaa familia zetu nyingine, na hakuna aliyeuita kwa jina.

Desemba 1933 Hemingway alishuka melini Mombasa akiwa na mke wake wa pili, Pauline. Kutoka Nairobi walikwenda Machakos, kisha wakaingia Tanganyika wakiongozwa na mwindaji Philip Percival. Huko Serengeti alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba, ikabidi achukuliwe kwa ndege ndogo kurudishwa Nairobi kutibiwa. Safari hiyo ya ndege, na mlima mweupe aliouona njiani, ndiyo iliyozaa hadithi yake ya mwaka 1936 kuhusu mtu anayekufa porini akiiwaza theluji ya Kilimanjaro. Alipopata nafuu alirejea Tanganyika kuwinda, na baadaye akachapisha kitabu kizima juu ya safari hiyo, mwaka 1935. Waafrika waliombebea bunduki na kumfuatia nyayo za wanyama wamo kitabuni, lakini mara nyingi wanaonekana kwa macho ya bwana mkubwa. Tunasema hivyo bila kumvunjia heshima.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953, safari hii na mke wa nne, Mary Welsh. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Walipiga kambi chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, maeneo ya Kimana, na yeye akapewa cheo cha heshima cha uaskari wa wanyamapori, cheo alichokifurahia kama mtoto.

Safari hiyo ilimalizikia Uganda, na hapo ndipo habari yetu inapoanza kuwa nzito. Januari 1954 alimkodia Mary ndege ndogo ili aione nchi kutoka angani. Tarehe 23 Januari, karibu na maporomoko ya Murchison, ndege iligonga waya wa zamani wa simu ikaanguka. Walilala porini, kesho yake wakaokotwa na mashua iliyowafikisha Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Jioni ile ile wakapandishwa ndege nyingine iwapeleke Entebbe. Ndege hiyo nayo ilianguka wakati wa kuruka, ikashika moto. Mlango ulikwama, na Hemingway akaubomoa kwa kuupiga kwa kichwa chake. Magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake, naye baadaye alikaa Nairobi akisoma tanzia zake mwenyewe. Watu walicheka. Lakini fuvu lilikuwa limepasuka, maji yanayouzunguka ubongo yalikuwa yakivuja, na ini, figo na uti wa mgongo vilikuwa vimeumia.

Hakikuwa kichwa kinachogongwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1928 mjini Paris dirisha la darini lilimwangukia. Mei 1944 mjini London alipata ajali ya gari iliyohitaji nyuzi 57 kichwani. Mwaka 1950 alianguka ndani ya mashua yake na kupasuka tena. Ukiongeza kombora la Italia na ajali mbili za Uganda, unapata ubongo uliotikiswa mara nyingi kuliko wa bondia wa kawaida, na juu yake miaka mingi ya kunywa pombe kali kila siku.

Oktoba mwaka huo huo wa 1954 akatangazwa mshindi wa Nobel, hasa kwa sababu ya hadithi yake ya mzee mvuvi na bahari aliyoichapisha mwaka 1952. Hakuweza kusafiri hadi Stockholm. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden.

Kuanzia hapo mwili wake ulianza kumgeuka. Presha ilikuwa juu na ini lilikuwa bovu. Kwa ajili ya presha alikuwa akitumia reserpini, dawa ambayo madaktari wa wakati ule walikwisha kuishuku kwamba inaweza kumzamisha mtu katika huzuni. Mwaka 1960, akiwa amefikisha miaka 61, aliondoka Cuba alikoishi kwa zaidi ya miaka 20, akaenda kukaa Ketchum, mji mdogo wa jimbo la Idaho. Hapo hali ilibadilika mbele ya macho ya rafiki zake. Alikonda. Hakulala. Aliamini amefilisika ilhali benki ilikuwa na fedha zake. Aliamini wapelelezi wa FBI wanamfuata, na kwamba wafanyakazi wa benki waliobaki kazini usiku walikuwa wanakagua hesabu zake. Mtu aliyeandika vitabu vizima sasa alikaa mezani siku nzima asipate sentensi.

Hapa tuongeze neno. Miaka mingi baadaye, katika muongo wa 1980, jalada la FBI lilifunguliwa na ikajulikana kwamba idara hiyo ilikuwa imekusanya habari zake tangu 1942. Kwa hiyo hofu yake haikuwa hewa tupu. Lakini madaktari wa akili hawaangalii tu kama jambo ni kweli au si kweli. Wanaangalia jinsi linavyomshika mtu, na Hemingway lilikuwa limemshika shingoni.

Tarehe 30 Novemba 1960 alilazwa katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, jimbo la Minnesota, chini ya kliniki maarufu ya Mayo. Aliandikishwa kwa jina la daktari wake wa Ketchum, George Saviers, na watu wakaambiwa ni shida ya presha. Ilikuwa siri kwa sababu ya aibu. Wasomaji wetu wanaijua aibu hiyo. Daktari wa magonjwa ya akili aliyemshughulikia alikuwa Howard Rome. Reserpini ilisimamishwa, na mwezi Desemba akaanza kutibiwa kwa umeme, vipindi kumi na zaidi kwa hesabu za walioandika maisha yake. Kituko kimoja kinafaa kutajwa: Januari 1961 daktari huyo aliwasiliana na FBI ili apate ruhusa ya kumwambia mgonjwa wake kwamba idara haina shida na yeye kutumia jina la bandia. Barua ya ndani ya idara juu ya jambo hilo ipo hadi leo.

Tiba yenyewe ni nini? Ilianzia Roma mwezi Aprili 1938, mikononi mwa Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini. Umeme mdogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, na ubongo hupata degedege, kama la mwenye kifafa. Degedege hilo ndilo dawa, na umeme ni kiberiti tu cha kuliwasha. Mwanzoni mgonjwa alikuwa macho, na wengine walivunjika mifupa kwa nguvu ya mtukutiko. Katika miaka ya 1950 zilianza kutumika dawa za usingizi na za kulegeza misuli, na leo mgonjwa hulala, kikachezacheza kidole cha mguu labda, akaamka baada ya dakika chache. Lakini mwaka 1960 mashine zilitumia aina ya umeme wenye mawimbi marefu, na waya ziliwekwa pande zote mbili za kichwa. Utafiti wa Harold Sackeim na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa namna hizo mbili ndizo zinazoumiza zaidi kumbukumbu. Katika miaka ya 2000 hospitali nyingi zilihamia kwenye umeme wa mapigo mafupi sana, mara nyingi upande wa kulia peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuchukulie tungekuwa sisi ndio tumekaa na Mary katika chumba cha kusubiria pale Rochester, Desemba 1960. Je, dalili zilisema mumewe angefaidika?

Jibu linashangaza. Zilisema ndiyo. Mwaka 1965, miaka minne tu baada ya kifo cha Hemingway, madaktari wa Newcastle nchini Uingereza, Carney, Roth na Garside, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 129 wa sonona, wakitafuta nani huinuka baada ya umeme na nani habadiliki. Alama njema walizozipata ni pamoja na kukonda, kuamka alfajiri na mapema kabla ya wakati, na kuwa na imani zisizo na msingi, kama vile ya kufuatwa na maadui. Alama mbaya zilikuwa kama wasiwasi mwingi na hali inayokuwa mbaya zaidi jioni kuliko asubuhi. Kwa kipimo hicho Hemingway aliyekonda, asiyelala, mwenye hofu ya wapelelezi na ya ufukara, alikuwa mgonjwa wa kuchaguliwa kwanza.

Utafiti wa baadaye umekubaliana na sehemu kubwa ya hayo. Kuanzia mwaka 1997 vituo vinne vya Marekani viliungana kuchunguza jambo hili, na viwili kati yake vinatuhusu: kimoja ni Mayo yenyewe, na kingine ni chuo kikuu cha udaktari cha UT Southwestern hapa Dallas, mwendo mfupi wa gari kutoka Euless. Ripoti yao ya mwaka 2001 ilihusu wagonjwa 253. Miongoni mwa waliomaliza vipindi, waliokuwa na sonona pamoja na imani potofu walipona dalili kwa asilimia 95, na wale wasio na imani potofu asilimia 83. Wenye umri mkubwa pia walifanya vizuri kuliko vijana, kinyume na wanavyodhani watu wengi. Mwaka 2004 Mustafa Husain wa Dallas na wenzake waliongeza jambo lenye manufaa makubwa kwa familia: zaidi ya nusu ya wagonjwa walionyesha mwitikio wa kwanza kufikia kipindi cha tatu, yaani mwisho wa wiki ya kwanza. Katika ugonjwa huu, hakuna kidonge kinachokwenda kwa mwendo huo.

Hata hivyo, takwimu hizo ni za wagonjwa waliochaguliwa vizuri katika vituo vya utafiti. Mwaka 2004 huo huo, Joan Prudic na wenzake waliwaangalia wagonjwa 347 katika hospitali saba za kawaida za New York, na waliopona dalili walikuwa kati ya asilimia 30 na 47 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Miongoni mwa sababu ni kwamba wagonjwa wa hospitali za kawaida huja na mizigo mingine, kama magonjwa ya tabia na ulevi, na mara nyingine vipindi hukatizwa kabla mgonjwa hajainuka sawasawa. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi umeonyesha pia kwamba sonona iliyokaa muda mrefu, na iliyokwisha kuzishinda dawa nyingi, ina uwezekano mdogo zaidi wa kuitikia umeme. Kwa lugha ya nyumbani, moto ulioachwa ukaunguza paa ni mgumu kuuzima.

Kwa hiyo Hemingway alikuwa na alama za pande zote mbili. Upande mmoja, zile zilizosema atainuka. Upande wa pili, kichwa kilichopasuka Butiaba, ini, na pombe. Mwaka 2017 daktari wa akili wa Marekani, Andrew Farah, alichapisha kitabu akidai kwamba Hemingway alikuwa ameanza kupata ugonjwa wa kupungua akili kutokana na majeraha ya kichwa na pombe, na kwamba ubongo kama huo huelemewa na umeme badala ya kusaidiwa. Ni hoja nzito, na tunaiona ina mashiko, ingawa hakuna awezaye kumpima marehemu wa 1961. Leo mgonjwa wa aina hiyo angepigwa picha za ubongo na kupimwa kumbukumbu kabla ya kipindi cha kwanza. Hayo hayakuwezekana wakati ule, kwa sababu mashine za picha hizo zilikuwa hazijabuniwa.

Lakini hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema tu kwamba umeme ulimshinda. Kwanza, aliinuka. Mnamo Januari 1961 madaktari walimwona amechangamka, na tarehe 22 mwezi huo akaruhusiwa kurudi Ketchum. Alianza tena kupanga sura za kitabu chake cha Paris. Kisha, Februari, aliombwa aandike maneno machache ya kumpongeza Rais mpya John Kennedy, akakaa nayo siku nzima na machozi yakamtoka. Alimlalamikia rafiki yake, mwandishi A. E. Hotchner, kwamba tiba imemfutia kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo mtaji wa mwandishi. Malalamiko hayo tunayachukua kwa uzito wake. Kwa watu wengi kusahau huko hupungua baada ya wiki kadhaa, lakini mapengo ya miezi iliyozunguka tiba huweza kubaki moja kwa moja, na kwa mtu anayekula kwa kalamu, pengo dogo si dogo.

Aprili 1961 alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Tarehe 25 alirudishwa Rochester, akapewa vipindi vingine. Mary aliona mumewe bado mgonjwa na akatafuta ahamishiwe hospitali nyingine, lakini Hemingway alikuwa mtu wa haiba, na Mary aliamini amewahadaa madaktari kwa maneno matamu. Tarehe 26 Juni aliruhusiwa. Alifika Ketchum tarehe 30, na alfajiri ya Jumapili, 2 Julai 1961, alijiua. Zilikuwa zimebaki siku 19 atimize miaka 62.

Tuitazame kalenda hiyo. Aliinuka Januari, akaanguka Februari. Katika tiba ya umeme jambo hilo lina jina lake, kurudiwa na ugonjwa, na linabeba swali tofauti na lile la mwanzo. Kuinuka ni habari moja, kubaki umesimama ni nyingine. Mwaka 2001 Sackeim na wenzake walichapisha utafiti ambao tungependa kila familia ya mgonjwa iufahamu. Waliwachukua wagonjwa waliokwisha kupona dalili kwa umeme, wakawagawa makundi matatu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 84 katika miezi sita. Waliopewa dawa iitwayo nortriptilini, asilimia 60. Waliopewa nortriptilini pamoja na lithiamu, asilimia 39. Sasa fikiria Januari 1961. Dawa za kuinua moyo ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni Marekani, na lithiamu iliruhusiwa nchini humo mwaka 1970. Hemingway alirudishwa nyumbani milimani, katika baridi, kwenye meza ile ile iliyomshinda, bila kinga ya kueleweka. Kwa maoni yetu hilo lilimwangusha sawa na majeraha ya kichwa, pengine zaidi.

Siku hizi mambo hufanyika vingine. Mwaka 2016 Charles Kellner na wenzake, wakiwemo wa Dallas, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 240 wenye miaka 60 na zaidi, yaani rika la Hemingway hasa. Walitumia umeme wa mapigo mafupi sana upande wa kulia pamoja na dawa iitwayo venlafaksini, na takriban asilimia 62 walipona dalili. Waliopona waligawanywa tena: baadhi walibaki na dawa peke yake, wengine wakaongezewa vipindi vya umeme. Kundi la pili lilibaki na hali nzuri zaidi miezi sita baadaye.

Je, kipo kipimo cha damu au picha ya ubongo kinachoweza kumwambia mtu ndiyo au hapana? Kwa matumizi ya kila siku hospitalini, bado hakipo, ingawa watafiti wa nchi nyingi wamekusanya picha za bongo za wagonjwa wakikitafuta. Kazi bado ni ya daktari mwenye masikio na familia yenye kusema ukweli: ugonjwa umeanza lini, mzee anaamini nini, anakula, amewahi kuumia kichwa, anakunywa kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo familia zetu huficha, hasa mbele ya mkalimani anayetoka msikiti au kanisa moja nao. Mary Hemingway naye aliwaambia waandishi kwamba mumewe alikufa kwa ajali wakati akisafisha bunduki, na ilimchukua miaka kadhaa kukiri hadharani.

Kwa walioko Texas, sheria ya jimbo ya mwaka 1993 ilipiga marufuku tiba hii kwa walio chini ya miaka 16, ikadai ridhaa ya maandishi, saini za madaktari wawili kwa mgonjwa mwenye miaka 65 na zaidi, na ripoti za hospitali kwa serikali kila baada ya miezi mitatu. Mgonjwa ana haki ya kubadili nia katikati. Na kama mtu nyumbani anazungumzia kujiua, namba ya 988 hupokelewa saa zote Marekani nzima tangu mwaka 2022.

Kwa upande wa nyumbani, yapo mambo ya kusikitisha yaliyokwenda sambamba na safari za Hemingway. Mwaka 1953, alipokuwa amepiga kambi Kimana, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, ambacho kilidai kwamba Waafrika ni nadra kupata sonona kwa sababu ya namna akili zao zilivyo. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapisha uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda, na wakakuta sonona ni nyingi kuliko kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Kwa muda mrefu, basi, mbeba bunduki aliyekaa kimya pembeni ya moto pale Kimana hakuna ambaye angemuuliza kama analala usiku.

Tumalizie na mtoto wake wa pili, Patrick, ambaye habari zake hazijulikani sana. Mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka 18, Patrick alipata ajali ya gari na kuumia kichwa, kisha akachanganyikiwa kabisa, akawa hamtambui mtu. Baba yake alimuuguza nyumbani Cuba usiku na mchana, akilala mlangoni pake. Madaktari walimpa tiba ya umeme, naye akapona. Alimaliza Harvard, akahamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akanunua shamba katika nyanda za juu za kusini na kufanya kazi ya kuongoza wawindaji. Baadaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, juu ya mji wa Moshi, kabla ya kurudi Marekani katika miaka ya 1970. Ni yeye aliyeuhariri mswada wa baba yake juu ya safari ya Kenya ya 1953, ukachapishwa mwaka 1999, wakati wa kuadhimisha miaka 100 tangu Ernest Hemingway azaliwe.